Jina la Placide kati ya Wazima

Mimi sipendi sala ndefu, na watu wote wa shirika letu wanajua. Muzee Ephraïm, mwenyekiti wetu, akianza kuunganisha litania moja na nyingine, mimi hukohoa mpaka aone aibu. Kwa hiyo nikisema kwamba Lucienne alikuwa mtu wa sala, sisemi kwa kupamba. Tangu nilipohamia hapa Mudzipela, mtaa wa mji wa Bunia, kutoka Butembo na cherehani yangu, nyumba yake na yangu zimetenganishwa na ua wa matete tu, na nimemsikia akisali akiwa mzima, akiwa na homa, akiwa anageuza samaki juani. Alisali kama mtu anavyofagia uwanja wake, kila siku, bila kujiuliza kama kuna faida.

Watu walimwita Mama Placide. Alikuwa mwanamke wa Mahagi, mrefu, mwenye sauti nzito iliyosikika hata helikopta za Umoja wa Mataifa zilipokuwa zikipita juu ya mabati yetu. Aliuza sokoni samaki wakavu wa ziwa. Mume wake alikwisha kufa, watoto wengine aliowazaa walikufa wangali wadogo, na aliyebaki alikuwa huyo Placide, fundi wa pikipiki, kijana mcheshi ambaye hakuweza kupita mlangoni kwangu bila kuuliza kama cherehani yangu bado inakula vidole.

Lazima nieleze desturi yetu, maana mambo yote yalipitia hapo. Shirika letu, la Mwenyeheri Anuarite, ni nyumba chache za mtaa huu. Mara moja kwa wiki tunakutana jioni, jua likiwa bado lipo kidogo, kwa sababu hakuna anayetaka kurudi kwake gizani. Wiki hii ni kwa huyu, wiki ijayo ni kwa yule. Tunaketi duara, tunasali rozari. Mafumbo ya rozari yakiisha, kabla ya Salamu Malkia, tunataja majina zamu kwa zamu. Mzunguko wa kwanza ni wa wazima. Unataja mtu mmoja, na sote tunaitikia, "Twakuomba utusikie." Mzunguko wa pili ni wa marehemu. Unataja mmoja, na sote tunaitikia, "Pumziko la milele umpe, ee Bwana." Asiye na jina husema "Pitisha," na zamu inakwenda kwa jirani. Wanaosema pitisha huwa ni watoto, walevi, na watu waliogombana asubuhi ileile na yule ambaye wangemtaja.

Lucienne ndiye aliyeongoza rozari, kwa sababu ya ile sauti yake. Kiti changu kilikuwa karibu na chake, na zamu ilinifikia baada yake. Yeye alimtaja Placide, mimi nikamtaja kijana wangu anayesoma Kisangani, ili asome na asinywe. Ilikuwa hivyo kila wiki, hata nikafika mahali sikulisikia tena lile jina, kama vile mtu asivyosikia saa ya ukutani.

Placide alimwoa Jeanine kanisani, msichana wa komini ya Shari, upande mwingine wa mji, mpole, mwenye kucheka kwa kuziba mdomo. Nilimshonea gauni mimi mwenyewe. Ndoa hiyo haikupata hata nafasi ya kuzaa mtoto. Mjomba wa Placide alifariki Mahagi, na Placide akapanda lori kwenda kwenye matanga. Njiani wenye silaha walilisimamisha lori hilo, wakapiga risasi, kisha wakalichoma. Waliokufa walizikwa palepale na wanakijiji, harakaharaka, kabla wauaji hawajarudi. Wengine walikuwa wameungua, hakuna aliyeweza kusema huyu ni nani. Waliopona walitawanyika porini, na baadhi yao walitokea siku zilizofuata, mmoja huku, mwingine kule.

Eddy, mwenzake Placide wa gereji, alikuwa katika lori hilo. Alirudi Bunia kwa miguu, nyayo zimevimba. Nilikuwa nimesimama pale Lucienne alipomshika mabega.

"Ulimuona?"

"Nilimuona, Mama. Alikimbia."

"Na viatu?"

"Viatu?"

"Viatu yake! Huyu mutoto tangu mudogo, akitaka kukimbia, anatoa kwanza viatu."

"Ndiyo, Mama," Eddy akasema. "Viatu ilikuwa mu mukono."

Lucienne alipiga magoti pale pale kwenye vumbi akashukuru. Na wiki hiyo, zamu yake ilipofika katika mzunguko wa wazima, alimtaja Placide kwa sauti ya kutikisa bati, nasi tukaitikia kwa nguvu, wengine wakilia. Hata mimi niliitikia kwa moyo wote. Nani asingeitikia?

Wiki zikapita, kisha miezi, kisha Noeli, kisha Noeli nyingine. Placide hakutokea, wala mtu mwenye habari zake hakutokea. Lucienne alizidisha sala. Kila Ijumaa alifunga, asionje hata maji mpaka jioni. Wakati wa Kwaresima alifuata Njia ya Msalaba bila viatu, na nilipomwuliza kwa nini ajiumize nyayo, alinijibu kwamba kama mtoto anatembea bila viatu huko aliko, mama hawezi kuvaa. Siku za Jumatano alikwenda kwenye kambi za wakimbizi nje ya mji, akamwuliza mwenyeji wa kila hema kama amemwona kijana mwenye kovu kwenye kidevu. Jioni alirudi, akaosha miguu, akashika shapele, yaani rozari yake ya shanga.

Na mimi, niseme kweli, nilianza kuchoka. Sikuchoka na Lucienne. Nilichoka na Mungu, ambaye alikuwa akisikia kila wiki jina lilelile kwa sauti ileile na hakujisumbua hata kutuma neno moja. Fundi wa kushona akimfanyia mteja hivyo, watu wanamfungia kibanda. Nilimwambia Muzee Ephraïm hivyo, akaniambia nikaungame. Sikwenda.

Aliyeumia kimyakimya alikuwa Jeanine. Aliendelea kukaa kwa mama mkwe wake, akaanika samaki, akateka maji, akapika sombe ya majani ya mihogo. Hakuruhusiwa kuvaa nguo za matanga, kwa sababu mume wake alikuwa mzima. Hakuruhusiwa kucheka sana wala kusuka nywele vizuri, kwa sababu mume wake alikuwa taabuni. Wanawake sokoni walimtazama wasijue wampe pole au wamsalimie tu. Nilimwona akikauka pamoja na samaki.

Kisha akatokea Zacharie. Huyu ni seremala, mjane, Munande wa kabila langu, mwenye karakana yake upande wa Shari. Alileta suruali ipunguzwe pindo. Baada ya wiki akaleta nyingine. Ilipofika suruali ambayo pindo lake nilikwisha kulipunguza mimi mwenyewe, nikamwuliza kama anakusudia kutembea na kaptula. Alicheka, macho yake yakiwa kule ng'ambo ya ua, Jeanine alikokuwa akigeuza samaki. Hakuwa mhuni. Hakumwita pembeni, hakumtumia zawadi za siri. Alikwenda moja kwa moja kwa Padiri Anselme wa parokia, akauliza kama yule mwanamke anaweza kuolewa.

Padiri Anselme si mtu mbaya. Aliwaita wote wawili, akawasikiliza. Kisha akamwuliza Jeanine swali moja.

"Mama wa Placide anamutaja wapi?"

"Kati ya wazima, Padiri."

"Hata leo?"

"Kila juma."

Padiri akawaambia kwamba kaburi halipo, shahidi aliyeuona mwili hayupo, na kwamba katika mambo ya namna hii Kanisa husikiliza kwanza familia. Mama mzazi akisimama mbele ya shirika zima akamwombea mwanawe kama mzima, padiri hawezi kusimama altareni na kusema mtu huyo amekufa. Siku mama atakapomtaja kati ya marehemu, warudi, na yeye atafanya yaliyo yake. Jeanine alinisimulia haya akiwa ameketi kwenye kizingiti changu, akiviringisha uzi mwekundu kwenye kidole mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe.

"Sasa utamwambia?" nikamwuliza.

"Nimwambie nini, Mama Monique? Nimwambie aue mutoto wake juu miye niolewe?"

Nilichukua ule uzi kutoka kidoleni mwake, nikamwambia aende akapike.

Hakumwambia. Lakini mwezi wa Oktoba, mwezi wa rozari, tulisali kwa Muzee Ephraïm, na mvua ikanyesha. Mnajua barabara zetu zinavyokuwa. Lucienne alikwama sokoni na mizigo yake, na pikipiki aliyopanda ikazama kwenye tope. Tulimsubiri, kisha Muzee Ephraïm akaanza mwenyewe kwa sauti yake ya pua. Tulimaliza mafumbo, tukamaliza mzunguko wa wazima, tukaingia wa marehemu. Tulikuwa tukiitikia kama tunavyoitikia, akili zikiwa kwenye mvua na kwenye vyungu tulivyoacha jikoni. Lucienne akaingia, amelowa chapachapa, akapiga ishara ya msalaba, akaketi kwenye kiti chake. Zamu ilikuwa inafika hapo hapo. Hakuuliza tumefika wapi. Alivuta pumzi akasema, "Placide."

Na duara zima, kwa sauti moja, likaitikia: "Pumziko la milele umpe, ee Bwana."

Hakuna aliyekusudia. Midomo ilikuwa imeshika njia yake, ikaenda. Nusu yetu tuliziba midomo baada ya maneno kutoka. Muzee Ephraïm aliangusha shapele. Lakini Lucienne hakututazama sisi. Alikuwa akimtazama Jeanine, aliyeketi upande wa pili, kwa sababu Jeanine naye alikuwa ameitikia, tena vizuri, mpaka neno la mwisho, na hakuziba mdomo.

"Hata weye," Lucienne akasema.

Akasimama, akatoka na kurudi kwenye mvua. Hatukumaliza hata Salamu Malkia.

Jioni hiyo niliwasikia ng'ambo ya ua, na sitajifanya kwamba niliziba masikio. Lucienne alikuwa akisema kwa sauti ya chini, jambo ambalo kwake lilitisha kuliko kelele. Alisema wamemzika mtoto wake mbele ya macho yake, na mke wake ametupa udongo pamoja nao. Kisha Jeanine akasema maneno ambayo sikudhani yanaweza kutoka kwa yule binti mpole.

"Mama, uniambie kitu kimoja tu. Niko bibi ya mutu, ama niko mujane?"

"Uko bibi ya Placide."

"Placide iko wapi?"

Nilisikia mwiko wa Lucienne ukizunguka sufuriani.

"Mama, kama iko, basi aje. Na kama haiko, uniachilie. Miye pia niko mutu muzima. Unaombea wazima kila juma, na miye hujanitaja hata siku moja."

Nilisikia sufuria ikiwekwa chini. Nilikaa na mguu wangu juu ya kanyagio la cherehani bila kushona, na nilimwonea huruma kila mmoja wao.

Asubuhi Lucienne alinigongea. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Jumapili.

"Twende kwa Eddy," akasema. "Nataka aseme tena mbele yako, na weye uende uambie wote wa shirika. Watu wamesahau vile alisema."

Nilielewa. Alitaka nguvu za kukataa. Tulikwenda kwa miguu mpaka gereji, kwenye barabara ya vumbi jekundu lililokuwa limegeuka uji usiku ule. Eddy alikuwa amechuchumaa mbele ya injini iliyofunguliwa. Alipomwona Lucienne alisimama, akafuta mikono, akaendelea kuifuta ingawa ilikwisha takata.

"Sema tena, mutoto wangu," Lucienne alimwambia. "Vile ulimuona. Sema na Mama Monique asikie."

Eddy alinitazama, akatazama chini. Alikuwa amekonda tangu siku ile ya lori, na watu walisema hapandi tena gari lolote linalotoka nje ya mji.

"Mama," akasema, "unisamehe."

"Nikusamehe nini? Sema tu."

"Miye nilikimbia wa kwanza. Mbele ya wote. Sikuangalia nyuma. Sikuona mutu."

"Uliona Placide."

"Sikuona Placide. Sikumuona akikimbia, sikumuona akianguka. Sijue kitu, Mama. Nilifika hapa, watu wote walikuwa wananiuliza, na weye ulinishika hapa ku mabega. Ningekuambia nini?"

"Na viatu?" Lucienne akauliza. "Viatu mu mukono?"

"Viatu ni weye ulisema, Mama."

Nilidhani atampiga. Mimi ningempiga. Lakini Lucienne alisimama tu, midomo ikisogea kidogo, akitafuta kwenye kumbukumbu yake ile siku, nami nilikuwa nikitafuta pamoja naye, na sote wawili tulikuta ndivyo ilivyokuwa. Viatu vilitoka mdomoni mwake mwenyewe. Alikuwa amefunga Ijumaa zote zile, ametembea kambi zote zile, juu ya kitu alichompa Eddy amrudishie.

Akamgusa Eddy kichwani, akamwambia arudi kwenye kazi yake. Njiani hakulia. Tulipofika karibu na soko aliniuliza, kama mtu anayeuliza bei, "Kama hakumuona akianguka, si bado anaweza kuwa mahali?"

"Anaweza," nikasema.

"Lakini hauamini."

"Hapana, dada. Siamini."

"Miye pia," akasema. "Lakini sijue kama hiyo ni sawa na kujua."

Wiki iliyofuata tulikutana nyumbani kwake. Alipanga viti mwenyewe, akaongoza rozari toka mwanzo mpaka mwisho bila kukosea neno. Ulipofika mzunguko wa wazima, watu wote tulimgeukia. Yeye akasema, "Jeanine." Tulishtuka kiasi kwamba tuliitikia vipandevipande. Jeanine aliinamisha kichwa.

Kisha marehemu. Akasema, "Placide."

Hakuna aliyeitikia. Tulikuwa tumeungua mara moja, nani angethubutu? Muzee Ephraïm alinitazama mimi, mimi nikamtazama yeye. Nje pikipiki zilipita, mtu akapiga honi. Lucienne alingoja.

"Munangojea nini?" akasema mwishowe. "Muitikie."

Tukaitikia. Jeanine peke yake hakuweza. Safari ile ya mvua maneno yalimtoka bila shida, na sasa alikuwa ameuma ukingo wa kitenge chake, machozi yakishuka, sauti haitoki. Lucienne ndiye aliyesema lile jibu kwa ukamilifu, na mwanga wa milele umwangazie, mpaka mwisho, huku akitazama ukuta.

Siku ya Marehemu Wote, tulikwenda makaburini. Wale ambao watu wao wamezikwa mbali huweka mishumaa chini ya msalaba mkubwa ulio katikati. Lucienne aliwasha mshumaa wake, upepo ukauzima. Nilimpa kiberiti changu. Alikishika kidogo, akanirudishia, akauweka mshumaa pale hivyo hivyo bila moto, tukarudi nyumbani.

Padiri Anselme alitimiza neno lake. Baada ya Pasaka, Jeanine na Zacharie walifunga ndoa asubuhi, bila ngoma, na mimi nilishona tena gauni, lenye rangi ya majivu kwa kuwa nyeupe alikataa. Lucienne alikuja kanisani, akaketi mstari wa tatu, akawapa mkono. Zacharie alikuwa amepata kazi Ariwara, huko mpakani, na kabla ya mwezi kwisha walipakia vyombo vya useremala na kuondoka. Jeanine alimkumbatia mama mkwe wake mlangoni kwa muda mrefu. Alimwambia atapiga simu kila Jumapili. Mwanzo alipiga.

Watu wa shirika walisema sasa Mama Placide amepata amani. Muzee Ephraïm alilisema hilo hata kwenye mkutano, kwamba sala ya muda mrefu imejibiwa kwa njia ya Mungu mwenyewe. Nilikohoa sana siku hiyo. Amani gani? Mimi ndiye niliyekaa ng'ambo ya ua. Sikumsikia tena akisali peke yake, si asubuhi wala jioni. Ijumaa moja niliingia kumwomba chumvi nikamkuta saa sita mchana anakula bugali na samaki. Aliniona nikiona.

"Nifunge juu ya nini?" akaniuliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa kweli anauliza, na kama ningekuwa na jibu nadhani angeweka sahani chini. Nilichukua chumvi yangu nikaenda.

Kwenye shirika aliendelea kuongoza, kwa maana hakuna mwingine mwenye sauti. Salamu Maria zilitoka mdomoni mwake sawasawa kama zamani, na mgeni asingegundua chochote. Zamu yake ilipofika katika wazima alimtaja Jeanine. Ilikuwa hivyo kwa miezi kadhaa. Kisha simu za Jumapili zikapungua, kwa sababu Jeanine alikuwa na mimba na Ariwara mtandao ni wa shida, na kwa sababu ana maisha yake. Simlaumu. Kuna Jumapili Lucienne alikaa na simu mapajani tangu alipotoka misa mpaka kuku walipoingia bandani.

Oktoba ikarudi. Tulikutana kwangu, na nilikuwa nimepanga viti kama kawaida, chake karibu na changu. Alisalisha vizuri. Mafumbo yakaisha, tukaanza wazima. Zamu ikazunguka, ikamfikia.

"Pitisha," akasema.

Neno hilo kutoka kwake lilikuwa geni hivi kwamba mtoto mmoja alicheka. Muzee Ephraïm aliinua kichwa. Mimi niliinama nikamnong'oneza, "Taja Jeanine. Iko na mimba, anahitaji sala."

"Hapana," akanong'ona. "Nisimutaje. Nilitaja Placide miaka hiyo yote, na weye uliona."

Zamu ilikuwa yangu. Watu wakanitazama. Nilijua vizuri nitakalolisema. Kijana wangu wa Kisangani angenisamehe wiki moja. Nilifungua mdomo kumtaja yeye, Lucienne, kwa jina lake mwenyewe, kwa sauti kubwa, mbele ya shirika zima. Nadhani alilisikia kabla halijatoka. Aliweka mkono wake juu ya goti langu, mzito, wenye harufu ya samaki.

"Usinitaje, Monique. Nakuomba."

Sijawahi kukubali mtu aninyamazishe, wala marehemu mume wangu, wala padiri. Nilikaa na lile jina mdomoni mpaka watu wakaanza kujisogeza kwenye viti. Kisha nikasema, "Pitisha," na zamu ikaenda kwa jirani.

Mzunguko ukaisha, ukaja wa marehemu. Lucienne alivuta pumzi, na ile sauti ya zamani, ya kutikisa bati, ikarudi yote. "Placide," akasema. Tukaitikia sote kwa pamoja, na safari hii hakuna aliyekosea.